APDETI BILA MAELEZO SIYO HUDUMA (Sehemu ya 4)

Mama zangu, tangu sehemu ya tatu meseji ni zile zile: "Nesi, simu inataka nisasishe mfumo, nikubali au niache?"

Jibu fupi: kubali, ila siyo saa hiyo hiyo. Jibu refu lina hasira kidogo, mnivumilie.

Ukileta mtoto wa wiki 6 kliniki, kabla sijashika sindano nakwambia hii ni chanjo gani, inakinga nini, leo usiku anaweza kuchemka kidogo, na ukiona dalili hizi mrudishe. Hiyo ni haki yako. Sasa soma simu yako: "Sasisho liko tayari." Bando litaliwa kiasi gani? Simu itazimika kwa muda gani, na mtoto akizidiwa katikati utampigia nani? Wao wamekuandikia "maboresho ya utendaji". Jamani, hayo ni maelezo?

Halafu ukiliacha wanasema akina mama hawajui teknolojia. Mnajua sana! Oktoba 2018 Microsoft walisitisha sasisho la Windows 10 kwa sababu watu walipoteza mafaili yao, picha zikiwemo. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba sasisho lao lilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Februari 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya wenye kisukari wanaopima kwa vifaa vilivyounganishwa na simu: simu ikisasishwa, king'ora cha sukari kinaweza kunyamaza. King'ora!

Ila kugoma moja kwa moja nako kunaumiza. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilikwamisha hospitali za Uingereza, wagonjwa wakafutiwa miadi, wakati kiraka cha kuvizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi.

Kwa hiyo ugomvi wangu uko hapa: kiraka cha usalama na mapambo mapya vije mbalimbali, na tangazo liseme wazi kipi ni kipi. Wewe umeomba kufuli jipya, mtu anakubadilishia mlango mzima mpaka kitasa hukioni. Na njia ya kurudi nyuma? Kwenye simu nyingi haipo, au mpaka ufute kila kitu.

Wakati tunawapigia kelele: picha za watoto zinakili kwanza kwenye memori kadi. Namba ya baba, ya zahanati na ya bodaboda ziandike nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu. Chomeka chaji, fanya asubuhi, usiku hapana. Kama mtoto wako anapimwa sukari kwa kifaa kinachosomwa kwenye simu, zima usasishaji wa kujiendesha, uliza kwanza watengenezaji wa kifaa, na ukishasasisha hakikisha king'ora bado kinalia.

Ukikutana na tangazo lisiloeleweka, piga picha ya skrini uniwekee hapa chini. Sehemu ya 5 nayabandika yote.