Ndege za kivita: bei, deni na amana ya umma

TAREHE 3 Desemba, 1999 Serikali ya Afrika Kusini ilitia saini mikataba ya silaha ambayo wananchi wa nchi ile, kila wanapoitaja, hawana haja ya kueleza ni mikataba ipi. Katika orodha ya vitu vilivyonunuliwa zilikuwamo ndege za kivita 28 aina ya Gripen kutoka Sweden, ndege 24 za mafunzo aina ya Hawk kutoka Uingereza, helikopta 30 kutoka Italia, pamoja na manowari 4 na nyambizi 3 kutoka Ujerumani. Miezi mitatu kabla ya hapo Baraza la Mawaziri lilikuwa limetangaza kwamba vyote hivyo vikichukuliwa, gharama itakuwa randi bilioni 29.9, zitakazolipwa katika muda wa miaka 12.

Huenda ndugu msomaji akauliza: familia ya Kiislamu, yenye ada za shule na kodi ya nyumba ya kufikiria, ina shughuli gani na ndege za kivita za watu wa mbali? Jawabu ni kwamba hakuna serikali inayonunua ndege kwa fedha iliyookotwa. Hununua kwa ushuru wa sukari, kwa kodi ya muuza duka, na kwa mikopo watakayoilipa watoto ambao bado hawajazaliwa. Sisi hatusemi kwamba nchi isijilinde. Katika Suratul Anfal waumini wameamrishwa kuandaa nguvu kwa kadiri ya uwezo wao, na zama zile nguvu hiyo ilikuwa farasi. Lakini wapo wanaopenda kuitaja aya hiyo ili kuwanyamazisha waulizaji, wakasahau kwamba Kitabu hichohicho kimeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote ndani yake inahusu deni, jinsi ya kuliandika na kulishuhudisha.

Tuangalie basi jinsi ndege inavyochaguliwa. Utaratibu, kama unavyoandikwa katika vitabu vya serikali, ni mzuri. Jeshi la anga hueleza mahitaji yake: ndege irukie uwanja wa urefu gani, iende umbali gani, ibebe nini. Viwanda vinavyotengeneza ndege hizo, ambavyo duniani ni vichache, hualikwa kuleta zabuni. Marubani huzijaribu. Wataalamu hutoa alama kwa uwezo wa ndege, kwa bei, kwa masharti ya mkopo, na kwa manufaa ambayo muuzaji ameahidi kuyarudisha katika nchi ya mnunuzi kwa njia ya viwanda na ajira. Mwenye alama nyingi ndiye anayepaswa kushinda.

Katika suala la ndege za mafunzo, Afrika Kusini ilifanya jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa hesabu angelistaajabia. Jeshi la anga liliipendelea ndege ya Kiitaliano, iliyotengenezwa na kampuni ya Aermacchi, ambayo bei yake ilikuwa nafuu. Alama zilipojumlishwa pamoja na bei, Hawk ya Waingereza haikushinda. Ndipo Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Joe Modise, alipoagiza orodha itengenezwe kwa namna mbili, moja ikiwa na bei na nyingine bila ya bei, na ile isiyo na bei ndiyo iliyofuatwa. Hayo si maneno ya barazani. Yamo katika ripoti ya uchunguzi wa pamoja iliyofikishwa Bungeni mwaka 2001. Mama anayekwenda sokoni na noti moja mkononi hawezi kusema kwamba leo atachagua kitoweo bila ya kuuliza bei. Waziri aliweza, kwa sababu noti haikuwa yake.

Wananchi walipohoji, walijibiwa kwa ahadi. Waliambiwa kwamba wauzaji watarudisha uwekezaji wa randi bilioni 104 na kwamba zitapatikana ajira takriban 65,000. Ahadi za namna hii ni sehemu ya kila biashara ya ndege za kivita duniani, na ndizo zinazoifanya bei isionekane. Mtu anaambiwa: usitazame kinachotoka, tazama kitakachorudi. Lakini ikiwa muuzaji atarudisha mara tatu ya alichopokea, faida yake ataitoa wapi? Swali hili halihitaji shahada ya uchumi. Miaka ilipita na ajira zile hazikuonekana kwa idadi iliyotangazwa. Kwa kawaida adhabu inayowekwa katika mikataba hiyo kwa asiyetimiza ahadi huwa ndogo, na huwa imeshahesabiwa ndani ya bei.

Tuje kwenye malipo. Si kila nchi hulipa ndege taslimu. Njia mojawapo ni mkopo: benki ya nchi ya muuzaji hutoa fedha, na serikali ya nchi hiyo huidhamini benki isipate hasara. Kwa ndege za Hawk na Gripen fedha zilitoka benki ya Barclays ya Uingereza, chini ya dhamana ya Serikali ya Uingereza. (Kuhusu riba hatusemi neno hapa, maana msomaji wa ukurasa huu anaijua hukumu yake.) Mkopo ulikuwa wa fedha za kigeni, na wataalamu wa Serikali yenyewe waliwaonya mawaziri mwaka 1999 kwamba randi ikishuka thamani, deni litapanda. Mwaka ule dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban randi 6. Mwishoni mwa mwaka 2001 ilipita randi 12. Malipo yaliendelea hadi mwaka 2020. Mtoto aliyezaliwa siku ya kutiwa saini alikuwa na umri wa kuoa deni lilipokwisha.

Na katika miaka hiyohiyo nchi ilikuwa katika msiba wa UKIMWI. Mwaka 1998 Waziri wa Afya alitangaza kwamba Serikali haina uwezo wa kuwapa akina mama wajawazito dawa ya AZT, inayopunguza hatari ya mama kumwambukiza mtoto. Ilibidi wananchi waende mahakamani, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaiamuru Serikali iwape wajawazito dawa nyingine, nevirapine, katika hospitali za umma. Haki inatutaka tuseme kwamba ndege hazikuwa sababu pekee. Rais Thabo Mbeki alikuwa na mashaka yake kuhusu maradhi yenyewe, na hilo lina kesi yake mbele ya historia. Lakini serikali inaposema haina fedha ya dawa katika mwaka uleule inapochagua wauzaji wa ndege, maneno yake huwa na maana moja tu: fedha ipo, ila imepangiwa mahali pengine.

Baada ya kununua huja kutunza, na hapa ndipo nchi nyingi zinapokwama. Bei iliyoandikwa kwenye mkataba ni sawa na mahari: ndoa yenyewe bado. Ndege ya kivita hukaa kazini miaka 30 au zaidi, na mafuta, vipuri, mafunzo ya marubani na mafundi, pamoja na matengenezo ya injini, kwa kawaida huizidi bei ya kuinunulia. Afrika Kusini ilipunguza idadi ya Gripen kutoka 28 hadi 26, na ya mwisho ikapokelewa mwaka 2012. Mwaka uliofuata, Machi 2013, Waziri wa Ulinzi aliliarifu Bunge kwamba ndege 12 kati ya hizo zimewekwa ghalani kwa kuwa hakuna fedha ya kuzirusha. Mwaka 2021 zote zikabaki ardhini, mkataba wa matengenezo ulipokwisha na mpya haujapatikana, hadi mwaka 2022 ulipotiwa saini mwingine. Hivyo, mwaka mmoja baada ya kumaliza kulipa deni, nchi haikuwa na hata Gripen moja iliyoweza kupaa.

Kuhusu zawadi na bahasha, mengi yamesemwa, nasi tutachukua yaliyothibitishwa. Mbunge Patricia de Lille alilieleza Bunge mwezi Septemba 1999 juu ya tuhuma za rushwa. Tony Yengeni, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya ulinzi, alitiwa hatiani mwaka 2003 kwa udanganyifu, baada ya kuficha punguzo kubwa alilopewa katika kununua gari la kifahari, punguzo lililopitia kwa kampuni iliyokuwa na maslahi katika zabuni zile. Mwaka 2011 kampuni ya Saab yenyewe ilikiri kwamba takriban randi milioni 24 zililipwa kwa mshauri mmoja, ikaeleza kuwa fedha hizo zilitoka kwa mshirika wake, BAE Systems ya Uingereza, bila ya Saab kujua. Tume iliyoundwa baadaye ilisema haikuona ushahidi wa rushwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaitengua ripoti yake, kwa kuwa tume haikuchunguza kama ilivyotakiwa.

Waislamu tunayo habari ya yule mkusanyaji wa zaka aliyerudi Madina akaugawa mzigo mafungu mawili, hili la umma na hili alilozawadiwa yeye. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari na kuuliza kama zawadi hizo zingemfikia mtu huyo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Mwenyekiti wa kamati ya ulinzi angekaa kwao, nani angemuuzia gari kwa nusu ya bei?

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi ya wengine. Mwaka 1985 Saudi Arabia ilifunga na Uingereza mkataba wa ndege za Tornado na Hawk uliopewa jina la Al-Yamamah. Yamama kwa Kiarabu ni ndege wa jamii ya njiwa, na wenye kupanga majina ya biashara hizi hawakosi ucheshi. Malipo yalikuwa ya mafuta, hadi mapipa 600,000 kwa siku. Wachunguzi wa Uingereza walipoanza kufuatilia fedha zilizodaiwa kwenda kwa wakubwa, uchunguzi ulisimamishwa Desemba 2006 kwa hoja ya usalama wa taifa.

Kampuni iliyouza ndege hizo ni BAE hiyohiyo, na kwetu Tanzania si ngeni. Ndiyo iliyotuuzia rada kwa paundi milioni 28, kwa mkopo wa Barclays, katika biashara ambayo Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa Uingereza, aliipinga ndani ya serikali yake mwenyewe akashindwa. Ilikuja kujulikana kwamba zaidi ya dola milioni 12 zililipwa kwa kampuni za wakala. Desemba 2010 mahakama ya Uingereza iliitoza BAE faini ya paundi 500,000 kwa kutoweka sawa vitabu vya hesabu, na paundi milioni 29.5 zikarudishwa kwa Watanzania, zikanunuliwa vitabu vya shule na madawati. Wapo waliolipokea jambo hilo kama msaada. Ilikuwa fedha yetu, imezunguka Ulaya miaka kumi.

Watetezi wa ununuzi wa namna hii hukimbilia neno moja: siri ya ulinzi. Tulipime neno hili. Uwezo wa ndege haufichiki. Viwanda vyenyewe huzirusha hadharani kwenye maonyesho, na jirani akitaka kujua una ndege ngapi hutazama juu. Kinachofichwa ni bei, masharti ya mkopo na majina ya mawakala, yaani mambo ambayo adui hana haja nayo na mlipa kodi anayahitaji.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, Uswisi imeonyesha, na Waswisi si watu wanaodharau ulinzi, maana kila kijana wao wa kiume hupaswa kulitumikia jeshi au kufanya utumishi badala yake. Serikali yao ilipotaka kununua Gripen 22 kwa faranga bilioni 3.1, suala lilipelekwa kwa wananchi kwa kura ya maoni. Mei 2014 asilimia 53.4 walikataa, na ndege hazikununuliwa. Serikali ikarudi kwa wananchi Septemba 2020, safari hii ikiomba ruhusa ya kutumia fedha isiyozidi faranga bilioni 6, aina ya ndege ichaguliwe baadaye. Ombi lilipita kwa asilimia 50.1, tofauti haikufika kura 9,000 katika nchi nzima. Mwaka uliofuata ikachaguliwa F-35 ya Marekani, ndege 36.

Hata huko mambo hayakwenda kwa unyoofu. Serikali iliwahakikishia wananchi kwamba bei imefungwa na haitapanda. Mwaka 2025 Marekani ikasema sivyo ilivyouelewa mkataba, na nyongeza iliyotajwa ni kati ya dola milioni 650 na bilioni 1.3. Mnunuzi mdogo mbele ya muuzaji mkubwa hana ubavu, awe tajiri au maskini. Lakini Waswisi walikuwa na kitu ambacho Afrika Kusini haikuwa nacho: kiwango cha juu kilichoandikwa na kupigiwa kura na watu wenyewe. Desemba 2025 Serikali yao ikaamua kwamba zitanunuliwa ndege zile tu zitakazotosha ndani ya zile bilioni 6.