Macho ya Samaki Mlangoni

Mlango uliopakwa vanishi jana huonekana asubuhi una vishimo vidogo vya duara, mbao ikichungulia ndani yake. Mwenye nyumba hudai fundi amezidisha tina, fundi hulaumu vanishi ya dukani, na ujira huzuiwa. Kabla ya kuzuia haki ya mtu, ichunguzeni mbao yenyewe.

Kila kimiminika hujivuta ndani kwa ndani. Vanishi hutandaa pale tu mbao inapoivuta vya kutosha kuushinda mvuto huo. Mwingereza Thomas Young alilieleza jambo hili mwaka 1805 kwa kutazama pembe ya tone na uso lililoukalia. Penye mafuta, mbao hukosa nguvu ya kuvuta, na vanishi hukimbilia pembeni. Nayo mafuta Mwanza hayakosekani: mkono uliotoka kupasua sangara Mwaloni, moshi wa kukaangia dagaa, nta ya kung'arishia fanicha. Ajabu ni kwamba mafundi wa Kiingereza huiita kasoro hii “macho ya samaki”!

Kupaka tena juu yake ni kupoteza fedha. Wanaoanza na msasa nao huyasukuma mafuta ndani ya vinyweleo vya mbao. Mlango uoshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, usuuzwe, ukauke, ndipo upigwe msasa. Kisha nyunyizeni maji: yakijikusanya matone, osheni tena. Siku hiyo ya kuosha ihesabiwe katika ujira wa fundi, na ikubaliwe kabla brashi haijachovywa.