Pikapu Ikitetemeka, Iulize Barabara

Wiki hii wachumba na mavazi tunawaweka pembeni, tunaingia kwenye chuma. Maana siku hizi mshikaji wa Mbeya au Iringa akishika mshiko wake wa kwanza wa maana, macho yote kwenye pikapu. Ya zamani, mtumba wa Japani, milango minne, gia otomatiki. Leo inabeba mbao za Mafinga, kesho viazi vya Uyole, Jumamosi inabeba maharusi. Bomba!

Shida inaanza siku inapotetemeka. Unakwenda zako kilomita 70 kwa saa, barabara imenyooka, mafuta umeyagusa kidogo tu, mara gari zima linatikisika sekunde mbili tatu, kama umepita juu ya rasta ambazo hazipo. Ukiongeza mafuta linaacha. Ukitulia, linarudi. Unalipeleka gereji, fundi analizungusha mtaa mmoja, anarudi anatikisa kichwa: "Gia boksi imekufa, dogo. Tuishushe."

Wajameni, hapo ndipo mitaji ya vijana inapopotelea! Kwa hiyo nasema hivi: kabla hujakubali gia boksi kushushwa, iulize barabara. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati, kwani barabara ya Iringa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, ni kipimo tosha cha ugonjwa huu, tena cha bure.

Kwanza tuelewane. Gari la otomatiki halina pedali ya klachi. Kati ya injini na gia boksi kuna dude la mviringo linaitwa toki konveta, ambalo linapitisha nguvu kwa njia ya mafuta. Ni laini, lakini linapoteza nguvu kidogo. Ndiyo maana kampuni ya Packard ya Marekani, mwaka 1949, ilitoa gia boksi yenye klachi ndogo ndani ya konveta. Ukishakuwa kwenye mwendo wa kutulia, klachi hiyo inabana na injini inaungana moja kwa moja na gia boksi. Mafundi wanaiita lokapu, na pikapu nyingi za otomatiki za miaka ya 1990 na 2000 wanayo.

Sasa lokapu ikishindwa kubana sawasawa, inabana inateleza, inabana inateleza, haraka haraka. Huo ndio mtetemo wako. Mara nyingi kinachosababisha ni mafuta ya gia boksi, yale mekundu ya ATF, ambayo yamechoka au si ya aina yake.

Lakini angalia! Na injini inayomisi inatikisa gari vilevile. Plagi zilizokwisha, koili mbovu, waya za plagi zilizopasuka. Kama pikapu ni ya dizeli, filta iliyoziba au nozeli mbovu. Utajuaje kipi ni kipi? Barabara itakwambia.

Ukitoka Makambako na kushuka Igawa mpaka Chimala, unaingia uwanda wa Usangu. Pale ni tambarare. Ukivuka vijiji vya kilomita 50, ambako trafiki na tochi yake anakusubiri, unatulia kwenye 70 au 80. Hapo lokapu inabana. Gari likitetemeka pale, mguu ukiwa mwepesi, mshuku konveta.

Ukimaliza Igurusi unaanza kupandisha Inyala kwenda Uyole, maana Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Pale unakanyaga mafuta kweli, na lokapu kwa kawaida inaachia. Kama mtetemo umepotea mlimani, gia boksi imejisema. Kama umezidi, tena na mzigo, anza na plagi na mafuta ya injini kuunguza. Watu wa Iringa hawana haja ya kufika huko. Kile kipande cha kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini kinatosha.

Na baridi yetu nayo inasema. Magari mengi hayabani lokapu mpaka injini ipate moto. Asubuhi ya Juni pale Mafinga, pikapu inatoka laini kama maziwa, halafu baada ya nusu saa inaanza vituko. Ndiyo maana fundi aliyeizungusha mtaa mmoja hakuona kitu, akabahatisha.

Kijana mmoja wa Mwanjelwa, anayeleta mbao, alinipigia simu wiki chache zilizopita.

"Shikamoo kaka. Naambiwa gia boksi nyingine, milioni mbili na ushee."

"Marahaba. Inatetemeka wapi?"

"Igawa mpaka Chimala. Mlimani haina neno."

Nikampa kipimo cha pili. Safari ijayo, barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, mtetemo ukianza, asiachie mafuta, ila kwa mguu wa kushoto aiguse breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Breki ikiguswa, lokapu inaachia. Mtetemo ukikata palepale, na mshale wa RPM ukaruka juu kidogo, mwizi amekamatwa. Kama gari lina kitufe cha O/D kwenye gia, akibonyeze vilevile aone, maana mengi yanabana lokapu yakiwa gia ya nne.

Jioni simu ikalia: "Kaka, imekata!"

Kipimo cha tatu ni macho na pua. Kama gia boksi ina dipstiki, weka gari mahali pa usawa, likiwa la moto na injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia zote, rudi P, chomoa dipstiki. Mafuta mekundu na safi ni salama. Ya kahawia yamechoka. Meusi yenye harufu ya kuungua, hapo kaa vizuri, kuna kitu kimeungua ndani.

Ya yule kijana yalikuwa kahawia. Akanunua aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hapa msifanye mchezo, kwani ATF si moja. Ya gari la jirani yaweza kukuua gia boksi. Tena kumwaga mara moja kunatoa sehemu tu, mengine yanabaki ndani ya konveta. Alimwaga, akajaza, akatembea siku kadhaa, akarudia mpaka mara tatu, na filta akabadilisha. Gharama haikufika hata robo ya ile aliyotajiwa, na leo mbao zinaingia Mwanjelwa kama kawaida.

Sisemi mafundi wote ni wababaishaji. Sampo ikifunguliwa zikakutwa chembe za chuma, au gia zinachelewa kuingia na injini inalia bila gari kwenda, fundi anayetaka kushusha ana haki yake, na mafuta mapya hayatakuokoa. Mtetemo ukibaki hata baada ya mafuta mapya, konveta yenyewe yaweza kuwa imekwisha. Na kama unaongezeka na mwendo bila kujali mguu wala lokapu, tazama viungio vya propela shafti na matairi.

Ila usiuzoee. Lokapu inayoteleza inazalisha joto, joto linaunguza mafuta, unga wa klachi unasambaa gia boksi nzima. Mtetemo wa leo ni wa lita chache za mafuta. Ukiuachia miezi, ndipo ile milioni mbili inakuwa ya kweli.

Basi ukienda kwa fundi, usiseme "inatetemeka" tu. Mwambie mwendo gani, tambarare au mlimani, ya baridi au ya moto, na ukigusa breki inakuwaje. Fundi mzuri atafurahi. Mbabaishaji atakuangalia mara mbili, aanze kutafuta dogo mwingine.

Haya, tukutane wiki ijayo. Ukipita Igawa angalia mshale wa RPM, lakini na trafiki pia.