Eti Kuangalia Chuma ni Mambo ya Wazungu

Jumapili moja baada ya ibada, hapa Kidugala, tulikaa nje ya kanisa tukiota jua, maana baridi ya mwezi wa sita haina mchezo. Nikawaonyesha wenzangu picha kwenye simu: tembo wa chuma chakavu niliyemkuta kwenye maonyesho Nairobi, ana kimo cha tembo kamili, ngozi yake vipande vya bati vilivyochomelewa kimoja baada ya kingine. Mzee mmoja wa kanisa akaichukua simu, akaishika mbali na macho kama anayesoma karatasi ya dawa, kisha akanirudishia. "Mwanangu, umekula nauli yote hiyo kwenda kuangalia skrepa? Hayo ni mambo ya Wazungu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Hasira ilinishika nilipofika nyumbani.

Mambo ya Wazungu! Koti alilovaa ni la mtumba. Parachichi zinazomlipia ada ya wajukuu asili yake ni Meksiko. Hayo hayamsumbui. Chuma kikiwa jembe ni chetu, chuma kikiwa tembo ni cha Wazungu. Na huyo tembo mwenyewe ni wa Nairobi, mji wa kina Kioko Mwitiki, Mkenya ambaye wanyama wake wa chuma chakavu wamefika hadi San Diego, Marekani. Mzungu hapo ni yule anayenunua. Sisi wenye mafundi ndio tunaosema hayatuhusu.

Ukipita Njombe ukashika njia ya Ludewa au ya Makete, unaingia nchi ya Wapangwa na Wakinga. Watu wale walikuwa wakiyeyusha chuma kwa udongo, mkaa na mivukuto muda mrefu kabla misheni haijafunguliwa hapa Kidugala mwaka 1898. Jembe la mfua chuma lilitolewa mahari. Mzee wangu, huenda bibi yako aliingia kwenye ukoo wenu kwa majembe, na kabla hayajapokelewa, wajomba zake waliyapanga chini, wakayageuza, wakayagonga wasikie mlio, wakabishana lipi zuri na lipi limefuliwa hovyo. Kama hayo si maonyesho ya chuma, basi sijui maonyesho ni nini.

Nenda Ufipa uulize habari za ilungu, tanuri lao la udongo lililofikia kimo cha mita 3 hivi. Lilihesabiwa kama bibi harusi: likipambwa, likiimbiwa, na chuma kikitoka kilitoka kama mtoto. Watu waliolivisha tanuri vazi la harusi, leo wajukuu zao wanaambiwa sanaa ya chuma imekuja na ndege.

Na tusijidanganye kwamba hatuna desturi ya kwenda maonyesho. Kila Agosti mabasi yanajaa watu wa huku wakielekea Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, wakasimame kwenye vumbi kutwa nzima kuangalia trekta ambazo hawatazinunua. Hapo nauli haiumi.

Kijana mmoja wa kwaya alinifuata pembeni na hoja nzito zaidi: sanamu ni sanamu, ni ibada. Nikamwomba atoe sarafu mfukoni. Ile ya shilingi 200 ina simba, ile ya 500 ina nyati, wote wamechongwa kwenye chuma, na kila Jumapili wanatumbukia kwenye kikapu cha sadaka. Sijasikia kwaya ikiwakataa.

Mnajua imani hii, kwamba chuma ni mambo ya Wazungu, inatufikisha wapi? Liganga. Mlima wa chuma uko Ludewa, mkoa wetu huu huu. Mkataba wa Shirika la Maendeleo ya Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulisainiwa 2011, na mimi hadi leo sijashika hata msumari wa chuma cha Liganga. Babu zetu hawakusubiri mwekezaji. Walipuliza mivukuto. Sisi tumekubali kwamba chuma kina wenyewe, na wenyewe wako ng'ambo, kwa hiyo tumekaa barabarani tunawachungulia kama watakuja. Halafu usiku vijana wanang'oa vibao vya barabarani wakauze kwa kilo, na hao nao eti wanajua thamani ya chuma.

Jumatatu nilikuwa na safari ya Makambako. Nikapita kwa mzee kumsalimu, kamwene, na nikasimama mbele ya geti lake ambalo nimelipita miaka minne bila kulitazama. Lina simba. Fundi mmoja wa Makambako amemchora kwa flati ba, manyoya ya shingoni ni nondo nyembamba zilizopindwa moja moja, nyingine bado zina alama ya grenda. Macho ni goroli mbili za beringi, la kushoto kubwa kuliko la kulia, kwa hiyo simba anaonekana kama anakukonyeza. Nikamwuliza mzee kwa nini hakuweka bati tupu, lingempunguzia gharama. Akasema bati tupu lingekuwa baya.

Tulipokuwa tunaongea, watoto watatu wa shule walisimama nje, mmoja akaingiza kidole kwenye mdomo wa simba. Mzee akawaambia waangalie tu, wasiguse.