Sio kila ndinga kali ni gari la spoti

Wadau, huu ubishi wa "ndinga ipi kali" hautaisha mpaka tukubaliane kila moja imetengenezwa kwa kazi gani.

Mazda MX-5 iliyotoka 1989 ndiyo gari la spoti hasa: viti viwili, jepesi, injini ya kawaida tu, raha yake ni kwenye kona. Bentley Continental GT ya 2003 ina silinda 12 na nguvu kibao, lakini ina zaidi ya tani mbili. Hiyo ni gran turismo, jina la Kiitaliano: safari ndefu, kwa kasi, bila kuchoka. Rolls-Royce Phantom je? Anasa. Tajiri anakaa nyuma, anataka utulivu. BMW M5, na hata Toyota Altezza za mtaani kwetu, ni sedani za spoti: milango minne, familia inaenea, na dereva naye anafaidi.

Sasa mtu anazipanga zote kwa spidi ya mwisho tu! Ni kama kumpa mtu wa fasihi mtihani wa fizikia halafu umwite kilaza. Sisi walimu wa kesho tusipime hivyo, iwe magari au watoto wa watu.

Nawasilisha.