Mwalimu Asome, Lakini Nani Alipe?

Ndugu wafanyakazi,

Sisi tunaofundisha Kiingereza Jinja na Mbale ni wafanyakazi kama ninyi wa viwandani na mashambani. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliagiza kila mwalimu awe na digrii. Hatuipingi, elimu haina mwisho. Mtoto wa mkata miwa wa Kakira hufanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiingereza, na mara nyingi mkataba anaotia sahihi baba yake umeandikwa kwa lugha hiyohiyo. Anastahili mwalimu aliyeiva.

Lakini nani alipe? Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Mbale tangu 1988. Chuo ki karibu. Karo ndiyo iliyo mbali. Wengi wetu husoma wakati wa likizo, kwa mkopo unaokatwa mshaharani.

Tena mwaka 2022 Serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wenye digrii mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa lugha tuliachwa nyuma, na mwezi Juni chama chetu, UNATU, kikaitisha mgomo. Je, muuza unga hutuuliza tulisomea nini?

Madai yetu ni matatu: anayeagiza digrii achangie karo, likizo ya masomo iwe na mshahara, na digrii sawa ilipwe sawa.

Ndugu, lijadilini jambo hili katika mikutano ya matawi yenu. Mwalimu akisoma, mtoto wa mfanyakazi ndiye anayefaidika.