Kadi ya Kamera ni Tenga, Si Ghala

Ufikapo mwezi wa Desemba, familia nyingi za Dar es Salaam hufunga mizigo na kuelekea mkoani Kilimanjaro kula sikukuu pamoja na wazee. Katika mizigo hiyo kamera haikosi, iwe ni kamera yenyewe au ile iliyomo ndani ya simu. Watoto hupigwa picha wakicheza mferejini, wazee wakinywa mbege, vijana wakichuna mbuzi. Na siku ya mwisho, kabla ya kuagana, ukoo mzima hupangwa mbele ya nyumba, bibi akiwa ameketi katikati. Na ichukuliwe kwamba miaka miwili baadaye bibi huyo amefariki, na inatafutwa picha ya kuweka kando ya jeneza. Ndipo inapokumbukwa kadi ya kumbukumbu, ile ambayo madukani huitwa memori kadi. Inapoingizwa katika kompyuta, haisomeki. Na picha ile haikuwako mahali pengine popote.

Hasara ya namna hii aghalabu huhesabiwa kuwa ni bahati mbaya. Kwa kweli hutokana na fikra potofu juu ya kazi ya kadi. Wanunuzi hubishana juu ya ukubwa wake, kasi yake na jina la kiwanda, na mambo hayo yana umuhimu wake. Lakini kosa kubwa hutendeka baada ya kununua, kadi inapogeuzwa kuwa ghala la picha. Kadi ni tenga. Kazi yake ni kuyachukua mavuno kutoka shambani hadi nyumbani, na tenga likishafika nyumbani hupakuliwa.

Urithi wa siku za filamu

Chanzo cha fikra hiyo si vigumu kukitambua. Katika siku za filamu, mkanda wa picha 36 ulipokwisha ulitolewa katika kamera, ukasafishwa, na negativu zake zikabaki. Chombo kilichopokea mwanga ndicho hicho hicho kilichohifadhi picha, wala hakikuweza kutumika mara ya pili. Aidha, studio nyingi zilikuwa na desturi ya kutunza negativu za wateja wao. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilijulikana kwa hazina yake kubwa ya picha za kale. Familia iliyopoteza picha yake ilikuwa na mahali pa kurudi kuuliza.

Kamera ya kidijitali iliuvunja utaratibu huo. Kadi ile ile huandikwa, hufutwa na kuandikwa tena, na hakuna fundi wa studio anayebaki na nakala. Kazi ya kuhifadhi, ambayo zamani ilifanywa na filamu yenyewe pamoja na mwenye studio, sasa imemwangukia mwenye kamera, naye aghalabu hana habari kwamba amekabidhiwa.

Jinsi kadi inavyotunza picha

Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze, wa maabara za Bell nchini Marekani, walieleza namna ya kuifungia chaji ya umeme ndani ya transista kwa kuizungushia kihami pande zote. Katika miaka ya 1980 Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba nchini Japani, alibuni kumbukumbu ya flashi kwa kuliendeleza wazo hilo; aina yake itumikayo katika kadi za leo ilielezwa mwaka 1987. Kadi ya SD, iliyoenea kuliko nyingine zote katika kamera, ilitangazwa mwaka 1999 na kampuni za Toshiba, Matsushita na SanDisk.

Ndani ya kadi mna mabilioni ya vijumba vidogo mno, na kila kijumba hufungia elektroni. Kiasi cha elektroni zilizomo ndicho kinachosomwa kama tarakimu. Ili kupunguza bei, viwanda vingi hukifanya kijumba kimoja kitunze tarakimu tatu, maana yake ni lazima kipambanue viwango 8 vya chaji. Kila kinapoandikwa na kufutwa, kihami huchakaa kidogo. Na hata kadi inapokaa bure kabatini, elektroni huvuja polepole, na joto huongeza uvujaji huo. Uchakavu wa kuandika haupaswi kuitia hofu familia ya kawaida, kwani likizo moja kwa mwaka ni matumizi machache sana. Lakini kadi iliyoachwa kabatini miaka mingi, bila nakala nyingine, ni amana iliyowekwa mahali panapovuja.

Kuchagua kwa hesabu

Ukubwa wa kadi huchaguliwa kwa hesabu, wala si kwa tamaa. Picha moja ya kawaida ya kamera ya megapikseli 24 huchukua takriban megabaiti 10. Familia inayopiga picha 150 kwa siku, kwa siku 10, itahitaji gigabaiti 15. Video ya kiwango cha kati hula kama megabaiti 210 kwa dakika; dakika 10 kila siku, kwa siku hizo 10, ni gigabaiti 21. Jumla ni 36, na kadi mbili za gigabaiti 32 zinatosha na kubakiza. Mnunuzi asishtuke akiona kompyuta inaitaja kadi ya 32 kuwa na 29.8 tu: kiwanda huhesabu kwa elfu, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa 1024.

Kasi nayo husomwa katika alama ndogo, wala si katika tarakimu kubwa iliyopambwa juu ya lebo. Tarakimu kubwa kwa kawaida ni kasi ya juu kabisa ya kusoma. Alama inayomhusu mpigaji ni ile ya kasi ya chini kabisa ya kuandika: 10 ndani ya duara, au U1, ni megabaiti 10 kwa sekunde, U3 au V30 ni megabaiti 30. Kwa picha na video za kawaida alama ya kwanza inatosha. Kwa video za 4K ifaayo ni ya pili.

Jambo la tatu ni kupatana kwa kadi na kamera. Kadi za SDHC, zifikazo gigabaiti 32, zilianza mwaka 2006, na SDXC, zizidizo hapo, mwaka 2009. Kamera kuukuu iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo huenda ikaikataa kadi mpya, na kosa lisiwe la kadi wala la muuzaji. Kitabu cha maelezo ya kamera kisomwe kabla ya fedha kutolewa.

Ulaghai wa kadi bandia

Liko hata hivyo kosa ambalo hakika ni la muuzaji. Mlaghai huchukua kadi ya gigabaiti 8, hubadili maelekezo yaliyomo katika kidhibiti chake, na kadi hiyo hujitangaza kwa kila kamera kwamba ni ya 128. Picha za siku za kwanza huingia salama. Ujazo wa kweli unapokwisha, zinazofuata ama huandikwa juu ya zile za mwanzo ama hupotea kabisa, huku kamera ikionyesha kwamba mambo ni shwari. Familia hugundua imekwisha kurudi nyumbani.

Rahisi ni ghali, wahenga walisema. Lakini bei peke yake si kipimo, kwani kadi bandia huweza kuuzwa hata kwa bei ya kadi halisi. Kipimo cha kuaminika ni kuijaza kadi yote na kuisoma tena. Programu za H2testw na F3, zipatikanazo bila malipo, hufanya kazi hiyo kwa saa kadhaa. Kadi mpya ipimwe siku ile ile iliponunuliwa, kabla haijatiwa picha hata moja, na risiti itunzwe.

Kadi moja au mbili?

Wapo mafundi wanaoshikilia kwamba kadi moja kubwa ni salama zaidi, kwa kuwa haitolewi wala kurudishwa, na kitu kidogo chenye upana wa milimita 24 hupotea upesi mchangani au mfukoni. Hoja hiyo ina uzito. Wengine hujibu kwamba aliye na kadi moja akiipoteza amepoteza safari nzima, na aliye na mbili amepoteza nusu. Hoja hii nayo ina uzito, na kwa familia isafiriyo na watu wengi na mizigo mingi ndiyo inayoelekea kushinda.

Walakini pande zote mbili husahau jambo moja: kugawa si kunakili. Picha iliyomo katika kadi ya pili haipo katika kadi ya kwanza, na nusu iliyopotea imepotea yote. Bibi aweza kuwa katika nusu hiyo. Usalama huanza pale tu picha moja inapokuwa mahali pawili.

Utaratibu wa jioni

Hili haliwadai wananchi utajiri. Kifaa kidogo cha kusomea kadi, kinachochomekwa kwenye simu, kinatosha kuhamishia picha za siku, mradi simu ina nafasi. Mtu mmoja wa familia apewe kazi hiyo kila jioni, kama vile mwingine anavyopewa kazi ya kuhesabu mizigo. Baada ya kunakili, picha chache zifunguliwe kuhakikisha kwamba zinasomeka, na kadi isifutwe hadi nakala mbili ziwepo nje yake. Simu na kadi zisilale katika mkoba mmoja, maana mwizi hachagui.

Nyumbani, nakala moja iwekwe katika diski ya nje, na nyingine mbali na nyumba hiyo: kwa ndugu wa mtaa mwingine au katika hifadhi ya mtandaoni. Nakala tatu, vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Ndiyo kanuni ya wahifadhi wa picha. Kuzituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hakuhesabiki kuwa ni kunakili kamili, kwa kuwa picha hupunguzwa ubora. Anayetaka zifike kamili azitume kama nyaraka. Baada ya yote hayo, kadi ifomatiwe ndani ya kamera itakayoitumia, wala isichomolewe wakati taa ya kuandika inawaka. Mionzi ya eksirei ya viwanja vya ndege, iliyokuwa adui wa filamu, haiidhuru kadi.

Ikiwa picha zimefutwa kwa makosa, kadi itolewe mara moja na isitumike tena. Kufuta huondoa anwani ya picha tu. Picha yenyewe aghalabu hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake, na programu kama PhotoRec huweza kuirudisha. Kila picha mpya inayopigwa katika kadi hiyo huenda ikaizika ya zamani daima.

Wajibu wa wengine

Si haki mzigo wote kumwachia mnunuzi. Muuzaji anapaswa kukubali kadi ipimwe, na kuirudishia fedha familia iliyouziwa kadi bandia. Na Tume ya Ushindani, ambayo sheria imeikabidhi kazi ya kupambana na bidhaa bandia, ingefaa izifuatilie kadi hizi kwa ukali ule ule inaoutumia kwa bidhaa kubwa. Walimu wafundishao matumizi ya kompyuta wangeweza kuanza somo kwa kuwaeleza wanafunzi mahali picha zao zinapolala, kabla ya kuwafundisha kuzipamba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za familia ni mali, tena ni mali isiyonunulika mara ya pili, kwa kuwa wazee hawapangwi tena mbele ya nyumba wakiwa wamekwisha kuondoka. Basi la kurudi Dar es Salaam huondoka Moshi alfajiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla mizigo haijafungwa, picha ya ukoo na iwe mahali pawili.